Mwambie Mpigapicha Unachotaka Kionekane

Mwongozaji anayeanza hupenda kumfuata mpigapicha wake akiwa na jina la lenzi mdomoni, au na kipande cha filamu ya mtu mwingine kwenye simu, akisema: nataka kama hivi. Mpigapicha atampa kama hivyo, na mara nyingi tukio litapendeza machoni bila kusema lolote. Nashikilia kwamba mazungumzo hayo yaanzie kwingine. Mwongozaji aseme mtazamaji aone nini, kwa mfuatano gani, na kipi asikikose kabisa. Lenzi, taa na mahali pa kuweka kamera viwe jibu la mpigapicha, na jibu hilo lije pamoja na gharama yake.

Ushahidi wangu mkubwa ni Citizen Kane, filamu ya mwaka 1941. Orson Welles alikuwa na miaka 25 walipoipiga, ametoka kwenye tamthilia na redio. Gregg Toland, aliyekuwa ametoka kupata tuzo ya Oscar kwa Wuthering Heights, alijitolea mwenyewe kufanya naye kazi. Tazama tukio la mhusika mkuu, Charles Kane, akiwa bado mtoto, kukabidhiwa kwa mlezi. Mezani, karibu nasi, mama na mlezi huyo, mwenye benki, wako kwenye karatasi za kutia saini; nyuma yao baba analalamika; na dirishani, mbali kabisa, mtoto anacheza kwenye theluji hajui lolote. Tukio linataka watu hao wote waonekane kwa pamoja na kwa ukali uleule, maana uchungu wake uko katika umbali kati ya ile kalamu na lile dirisha. Toland alijibu mahitaji ya namna hiyo kwa lenzi pana, filamu yenye wepesi mkubwa wa kunasa mwanga, na tundu la lenzi lililobanwa sana. Tundu likibanwa, mwanga unaoingia hupungua, kwa hiyo taa kali zilihitajika. Tena seti kadhaa zilikuwa na dari, kwa sababu kamera iliwekwa chini ikitazama juu, na dari ikishakuwepo taa haziwezi kuning'inizwa juu kama ilivyozoeleka. Dari hizo zilitengenezwa kwa kitambaa, na maikrofoni zikafichwa juu yake. Uamuzi wa mahali pa kamera, basi, ulifika hadi kwa fundi wa seti na mtu wa sauti. Ndiyo maana gharama yapasa itajwe mezani mapema, kabla mbao hazijapigwa misumari.

Kuna tukio jingine linalonishawishi zaidi. Susan, mke wa Kane, amekunywa dawa: glasi na chupa viko mbele kabisa ya kamera, yeye yuko kitandani gizani, na nyuma kuna mlango ambao Kane atauvunja. Lenzi peke yake isingeweza kushika vyote kwa ukali. Wakaipiga filamu ileile mara mbili ndani ya kamera: kwanza vitu vya mbele vikiwa kwenye mwanga na nyuma giza, kisha wakairudisha nyuma na kupiga kwa kinyume chake. Agizo lingekuwa lenzi fulani, mazungumzo yangekwama pale lenzi iliposhindwa. Kinachotakiwa kuonekana kikishajulikana, fundi anabaki na uhuru wa kutafuta njia nyingine.

Atatokea wa kusema kwamba mwongozaji asiyejua lenzi ataburutwa na mpigapicha wake. Hofu hiyo ina msingi, nami sisemi abaki mjinga: ajifunze kiasi cha kuelewa kila chaguo linamnyima nini. Lakini Welles hakuburutwa. Kwa mazoea ya jukwaani alianza kupanga taa mwenyewe, na Toland akawa anazirekebisha kimyakimya nyuma yake bila kumvunjia heshima mbele ya wafanyakazi. Mwishoni Welles aliliweka jina la Toland pamoja na lake kwenye kadi moja ya majina katika filamu. Mwenye kujua anachotaka hapotezi mamlaka kwa kuuliza.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba wale walikuwa na studio ya Hollywood, na anayepiga filamu ya siku chache Dar es Salaam au Nairobi hana muda wa vikao. Kwangu, uchache wa siku ndio unaokilazimisha kikao, maana hakuna siku ya kurudia. Isitoshe, gharama zimegeuka upande. Kamera ndogo na simu huonyesha karibu kila kitu kwa ukali bila kuombwa. Anayeanza sasa anataka mandharinyuma yenye ukungu, kwa kuwa inaonekana ya kisinema. Ukungu huo hudai tundu lililofunguliwa wazi, na hapo mwigizaji akisogea hatua moja uso wake unapoteza ukali. Ukiwa na mume na mke wanaogombana huku wakizunguka chumba, ama utawafungia sehemu moja ama utapoteza nusu ya nyuso zao. Mwambie mpigapicha kwamba ugomvi huu wahitaji miguu, na kwamba mtoto aliyesimama mlangoni lazima tumwone anaposikia. Ukungu atauondoa mwenyewe.