Neno "Zinaa" katika Kauli ya Muuguzi

Istilahi "magonjwa ya zinaa", itumiwayo katika zahanati za Kenya na Tanzania, ina kasoro ya kimaana. Zinaa, neno lenye asili ya Kiarabu, si kujamiiana tu, bali ni dhambi ya kujamiiana nje ya ndoa. Hivyo mke aliyeambukizwa kaswende na mumewe huhukumiwa kabla ya kutibiwa. Naye, kwa kulichelea jina hilo, huenda akasema "tumbo laniuma" na kunyamaza. "Magonjwa ya ngono" ni afadhali, ingawa masikioni mwa wazee nalo lina ukali. Ajabu ni kwamba sarufi yenyewe haibagui: "yeye" na kiambishi a- havibainishi jinsia. Viitio "bwana" na "mama" ndivyo vimpangiavyo mgonjwa jinsia kabla hajajieleza.