Kiti na Pete: Majini na Utawala katika The Kingdom of Copper

Katika ngoma za pepo za visiwani kwetu, mtu aliyepandwa na pepo huitwa kiti. Neno hilohilo twalitumia kwa utawala: fulani yumo kitini, fulani kaondoshwa kitini. Mambo hayo mawili nilikuwa nikiyaona mbalimbali, mpaka niliposoma The Kingdom of Copper, riwaya ya S. A. Chakraborty wa Marekani, iliyotoka mwaka 2019. Ni ya pili katika riwaya tatu zinazofuatana. Ya kwanza, The City of Brass, ilitoka mwaka 2017, na asiyeisoma hiyo atapotea katika hii.

Nahri alikuwa akiishi kwa ujanja mitaani Cairo, hata siku moja, katika ngoma ya zar, akamwita bila ya kujua shujaa wa kale, Dara. Sasa miaka mitano imepita. Yumo Daevabad, mji wa majini uliofichwa machoni pa wanaadamu. Ni mganga wa ukoo wa Nahid, naye ameozwa Muntadhir, mwana wa Mfalme Ghassan. Ndoa hiyo ni kifungo, kwani akimuasi mfalme, watakaoadhibiwa ni watu wa kabila lake. Ali, mdogo wake Muntadhir, amefukuzwa mjini akaishi jangwani. Dara naye amefufuliwa na Manizheh, mwanamke wa ukoo uleule wa Nahid, ili amtwalie mji.

Juu ya wote hawa ipo pete ya Nabii Suleiman. Mtoto wa pwani hukua akisikia habari zake, namna majini yalivyotiishwa kwayo. Chakraborty ameiongezea jambo moja lenye uzito: pete hii huingia mwilini mwa anayeitwaa, naye huweza kuuzima uchawi wa kila aliye mbele yake. Watu humwona mfalme amekaa juu ya kiti, kumbe yeye ndiye kiti, na kilichompanda ni ule uwezo. Karne kumi na nne kabla ya kisa hiki, Zaydi al Qahtani aliwapindua Nahid kwa kuwatetea shafit, wenye damu mchanganyiko ya jini na mwanaadamu. Ghassan ni wa kizazi cha mkombozi huyo, na chini yake shafit wanaonewa vilevile. Kila ukoo una kumbukumbu ya dhulma uliyotendewa, na hapana unaokumbuka dhulma uliyoitenda. Msomaji wa visiwani hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Kwa hiyo sehemu iliyonigusa zaidi haina panga wala moto. Nahri anaazimia kuijenga upya hospitali ya wazee wake iliyokuwa gofu, na kumweka ndani yake tabibu wa kishafit, Subha, afanye kazi pamoja naye. Wanawake hawa wawili wanaogopana na kupimana maneno. Mmoja ana uganga wa kurithi, mwengine ana elimu aliyoisomea. Hapo mwandishi anaonyesha kwamba uwezo waweza kumshukia mtu bila ya kumgeuza mtumwa wake, iwapo mtu huyo ana kazi ya kuwafanyia wengine.

Nina manung'uniko mawili. La kwanza ni la Ali. Ziwani, mwishoni mwa riwaya ya kwanza, alivamiwa na marid, viumbe wa maji, na athari yao imebaki ndani yake. Yeye anaificha kama aibu. Kwetu pepo akipanda huulizwa jina lake na haja yake, kisha yakatafutwa mapatano. Hapa swali hilo linacheleweshwa mno, na nguvu za maji zinamfaa Ali kama silaha kabla hatujajua ni deni la nani. La pili ni la upande wetu. Mama yake Ali ni wa kabila la Ayaanle wa Ta Ntry, nchi iliyowekwa Afrika Mashariki. Lakini katika kitabu hiki Ayaanle ni dhahabu na hila tu, na nchi yao hatuingii.

Mfasiri atakayekiendea kitabu hiki ajihadhari na majina. Watu wa kabila la Nahri hukataa kuitwa majini. Wao ni Daeva, na jina hilo ni madai ya nchi na ya heshima. Tukiwaita wote majini kwa kuwa neno tunalo tayari, tutakuwa tumekwisha kuhukumu ugomvi wao kwa kumpa haki mshindi.

Mwisho wake sitousimulia wote. Yatosha kusema kwamba pete inatoka mjini, na uchawi wa Daevabad unazimika mara moja. Manizheh anapata kiti alichokiua watu kukipata, naye anakikuta kitupu. Nilipofika hapo nilifunga kitabu nikakaa kimya kitambo. Pepo ameshuka, ngoma imenyamaza, na wote waliobaki uwanjani ni watu, na damu mikononi mwao.