Heko kwa Askari Wazee wa Ukambani

Kitui, Machakos na Makueni, yaani Ukambani, zimelea askari wengi kuliko sehemu nyingi za Kenya. Katika miaka ya 1950, karibu mmoja kati ya kila askari watatu wa jeshi la kikoloni la King's African Rifles (KAR) nchini alikuwa Mkamba.

Ukame na kupokonywa mifugo vilichangia watu kujiunga na jeshi. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilichukua ng'ombe wa Wakamba kwa nguvu, hata kiongozi wao, Muindi Mbingu, akaongoza umati hadi Nairobi kudai warudishwe. Mshahara wa jeshi haukungoja mvua.

Lakini mshahara huo ulilipwa kwa damu. Tarehe 12 Februari 1944, katika Vita vya Pili vya Dunia, meli ya Khedive Ismail, iliyokuwa ikitoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Japani karibu na Maldivi. Ilizama kwa muda usiofika dakika mbili. Walikufa karibu watu 1,300, wengi wao wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Wenzao walipigana Burma, katika matope ya bonde la Kabaw.

Waliorudi walinunua mabati na plau, wakalipa karo. Na wake zao, ambao hawakupewa nishani yoyote, walikuwa wamebeba boma zima: kulima, kuchunga, kuchimba matuta kwa mwethya, yaani kazi ya pamoja, kwenye miteremko ya Mbooni. Nusu ya heshima ya askari wa Ukambani ni ya wake hao.

Mmoja wa askari hao, Jackson Mulinge wa Kathiani, Machakos, aliyejiunga na KAR wakati wa vita hivyo, alifanywa Mkuu wa Majeshi ya Kenya mwaka 1978.