Mwandishi Wetu

Kuna aina ya insha ambayo msomaji wa mtandaoni ameizoea kiasi cha kuweza kuitabiri aya kwa aya. Kampuni ya habari inauzwa. Asubuhi inaingia barua pepe ya mmiliki mpya, imejaa furaha na ahadi kwamba hakuna kitakachobadilika. Wiki chache baadaye anakuja bosi mwenye chati. Kinafuata kikao cha ghafla, watu wanaagana kwenye kundi la WhatsApp, na mmoja wao, kwa kawaida mwenye kalamu kali kuliko wenzake, anaandika yaliyowasibu.

Nimezisoma nyingi kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili. Nina lalamiko dhidi yake, lakini kwanza nizitetee.

Uzuri wa insha hizi ni kwamba zinahifadhi vitu vidogo ambavyo taarifa rasmi huvifuta. BuzzFeed ilikamilisha kuinunua HuffPost Februari 2021. Tarehe 9 Machi, wafanyakazi waliitwa kwenye kikao cha mtandaoni, wakaambiwa kwamba asiyepata barua pepe hadi saa saba mchana, kazi yake ipo. Watu 47 wa Marekani walipoteza kazi. Neno la siri la kuingilia kikao hicho lilikuwa limeundwa kwa maneno ya Kiingereza yenye maana ya “machipuo yamewadia”. Hakuna mtunzi wa riwaya ambaye mhariri wake angemruhusu kubuni kitu kama hicho. Ni waliokuwamo ndani ya kikao waliotuwezesha kukijua, na ukikijua huhitaji kuelezwa zaidi jinsi mwenye kampuni anavyoweza kuwa mbali na mtu anayemwachisha kazi.

Insha ninayoiona bora katika kundi hili ni “The Adults in the Room” ya Megan Greenwell, ya Agosti 2019. Greenwell alikuwa mhariri mkuu wa Deadspin, tovuti ya michezo ya Marekani ambayo mwaka huo ilikuwa imeangukia mikononi mwa kampuni ya uwekezaji ya Great Hill Partners. Insha yake ya kuaga aliichapisha palepale Deadspin, mbele ya macho ya wanunuzi. Kichwa chake kinawakejeli wanaojiona watu wazima waliokuja kutia adabu chumba cha watoto. Hakulia. Alionyesha jinsi kazi inavyokwenda: wasomaji wanafuata nini, tovuti inaingizaje pesa, na jinsi mabosi wapya walivyokosa hamu ya kuyajua hayo kabla ya kuanza kuyavuruga. Mwisho wa Oktoba waandishi waliamriwa waandike michezo tu, kaimu mhariri akafukuzwa, na ndani ya siku chache wenzake wakajiuzulu kwa wingi. Mwaka 2020 wengi wao walianzisha Defector, chombo kinachomilikiwa na waandishi wenyewe.

Mtanzania akisoma habari hiyo anapaswa kuhisi kwamba ameshawahi kuisikia. Miaka ya 1990 kundi la waandishi, akiwamo Jenerali Ulimwengu, lilijenga Habari Corporation, iliyotoa Rai na Mtanzania. Katikati ya miaka ya 2000 kampuni ikaenda kwa Rostam Aziz, wakati huo mbunge wa Igunga na mtu mzito ndani ya CCM, ikaja kujulikana kama New Habari (2006). Mwaka 2007 Ulimwengu na wenzake wakaanzisha Raia Mwema. Kununuliwa, kuondoka, kuanzisha chenu: Defector yetu ilitangulia ya Marekani kwa zaidi ya miaka kumi. Desemba 2020 New Habari ikatangaza kusitisha kuchapa magazeti yake kwa sababu ya hali ngumu ya uchumi.

Lakini kila nisikiapo mkasa huu ukisimuliwa, iwe darasani au kijiweni, unasimuliwa kwa majina mawili matatu ya wakubwa. Nani aliuza, nani alinunua, alikuwa anamtafutia nani urais. Ni maswali ya haki. Ila msanifu kurasa, mpigapicha na dereva wa gari la magazeti la alfajiri hawamo. Umiliki unakuwa sura ya siasa, na kazi inapotea kwenye masimulizi.

Hapo ndipo lalamiko langu linapoanza. Insha ya baada ya kuuzwa ina neno moja linaloibeba yote: “sisi”. Sisi tuliijenga tovuti hii. Sisi tuliwajua wasomaji. “Sisi” hiyo ina mipaka, na mipaka yake ni mkataba wa ajira. Greenwell aliweza kujiuzulu kwa sababu alikuwa na kitu cha kujiuzulu. Hata waliotendewa vibaya zaidi walikuwa na pa kushika. Elon Musk alipoinunua Twitter Oktoba 2022, wafanyakazi wa ofisi ya Accra, ambao ndiyo kwanza walikuwa wameanza kuitumia ofisi yenyewe, waliachishwa kazi ndani ya siku chache. Walikuwa chini ya ishirini, mbali kabisa na makao makuu, lakini walikuwa na barua za ajira. Kwa barua hizo waliweza kupeleka malalamiko kwa mamlaka za kazi za Ghana na kudai mafao.

Sasa niulize kuhusu mtu ambaye hata hiyo barua hana.

Namfahamu dada mmoja anayeandika habari kutoka Tunduma. Kwa miaka minne aliiandikia tovuti moja ya Dar es Salaam, ambayo sitaitaja, kwa malipo ya kila habari inayotoka. Mji wake ni mgodi wa habari: foleni ya malori ya kwenda Zambia na Kongo, wabadilisha fedha wa shilingi na kwacha, mahindi yanayovuka na yanayozuiwa. Yeye anazungumza Kinyamwanga, lugha iliyopo pande zote mbili za mpaka, kwa hiyo mfanyabiashara wa Nakonde humwambia mambo ambayo mwandishi aliyeshushwa na gari la msafara wa waziri hawezi kuambiwa. Ujuzi huo ni mali. Tovuti ilipouzwa, bila shaka uliuzwa pamoja na vingine, kwa sababu ndio ulioleta wasomaji wa Songwe. Ila haukuwa na jina kwenye karatasi yoyote.

Yeye hakupata barua pepe yenye furaha. Alijua kampuni imeuzwa siku nembo ya kundi la WhatsApp la waandishi wa mikoani ilipobadilika. Msimamizi mpya akaandika, “Karibuni kwenye familia mpya.” Dada akauliza kuhusu habari zake za miezi miwili ambazo hazijalipwa. Akajibiwa, “Hayo ni ya uongozi uliopita.”

“Mdogo wangu,” aliniambia, “mimi sikufukuzwa. Ningefukuzwa ningejua pa kuanzia.”

Sentensi hiyo ndiyo ukosoaji mkali kuliko wote niliousikia juu ya insha hizi. Zote zina tukio: siku ya kikao, siku ya barua, siku ya kukusanya vitu mezani. Zinategemea “kabla” na “baada”. Mwandishi wa kujitegemea hana “baada”. Habari zake zinaacha tu kutoka, moja moja, na simu ya mhariri inaita bila kupokewa.

Sheria nayo imeandikwa kama insha zile. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi atoe taarifa, aeleze sababu na ashauriane nao. Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, kwa miaka isiyozidi kumi. Kwa mtu wa Tunduma, siku saba mara nini? Hana mshahara wa msingi wa kuzidisha. Hata hivyo kuna mlango mwembamba. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka huohuo inaorodhesha dalili zinazoweza kumfanya mtu achukuliwe kuwa mwajiriwa hata kama mkataba haumwiti hivyo, mojawapo ikiwa ni kumtegemea kiuchumi yule anayemfanyia kazi. Kuupita mlango huo kunahitaji ushahidi kwamba ulifanya kazi, lini, na kwa nani.

Na hapo mmiliki mpya alifanya jambo ambalo huenda hakulifikiria kabisa. Alisanifu upya tovuti. Viungo vya zamani vikafa. Habari zilizohamishwa zilipoteza jina la mwandishi, zikabaki na maneno ambayo kila msomaji wa magazeti yetu anayajua: Na Mwandishi Wetu.

Maneno hayo yana historia ya heshima. Yamewakinga waandishi wengi wasijulikane pale habari ilipokuwa ya hatari. Lakini yasome tena baada ya kampuni kuuzwa. “Wetu” ni wa nani? Wa mmiliki anayesema hakumwajiri? Mtu ambaye hakuwahi kuwamo kwenye “sisi” ya chumba cha habari anafanywa “wetu” siku ileile anayofutwa. Nikifundisha siku moja somo la uchambuzi wa matini, nitaanza na maneno hayo matatu.

Kwa hiyo ninaposema nataka insha bora zaidi kuhusu maisha baada ya kampuni kuuzwa, simaanishi yenye machozi zaidi, wala yenye bosi mbaya zaidi. Nataka zinazojua kuhesabu. Greenwell alikaribia, kwa sababu alionyesha jinsi pesa inavyoingia. Tunaohitaji kuwasoma sasa ni wanaoweza kuonyesha jinsi isivyotoka.

Maandishi ya namna hiyo yapo, ila hayajaitwa fasihi. Dada wa Tunduma ana daftari kubwa la kaunta, alilolichora mistari kwa rula: tarehe, habari, imetoka au haijatoka, pesa. Miaka mitatu ya mwanzo safu ya pesa imejaa elfu kumi-kumi, na tiki kando yake. Kisha vistari vinaanza. Tovuti ilipobadilishwa aliongeza safu ya tano kwa kalamu nyekundu, “picha ya ukurasa”, akawa anaandika ni simu ipi au diski ipi iliyohifadhi ushahidi wa habari ambayo mtandaoni haipo tena. Hakuna maoni hata mahali pamoja. Hakuna “sisi”. Kuna habari 31 zenye tarehe, na msomaji anaweza kuweka kidole mahali ambapo kampuni moja ilikwisha na nyingine ikaanza, kwa kuangalia wino tu.

Aliponionyesha, nilimwambia kwamba haya ni maandishi mazuri. Alicheka, akasema anayataka yawe mazuri mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Madai yasiyo ya kuachishwa kazi hupelekwa huko ndani ya siku 60 tangu mgogoro kuanza, na yeye anazihesabu tangu siku ya jibu lile la WhatsApp. Alikuwa amebakiwa na 19. Kwenye steshenari ya jirani nakala ilikuwa shilingi mia kwa ukurasa, na daftari lilikuwa na kurasa 14 zinazohusika.