Kifaa Kikivuliwa: Kupima Ufundi wa Nyongeza kwenye Gari la Kukodi

Gari likiwa lako, toboa utakavyo. Likiwa la kukodi, kila tundu lina mwenyewe, na mwenyewe atalidai. Ndiyo maana ninapoonyeshwa keria mpya, ngao mpya au taa mpya kwenye gari la mkataba, siulizi kwanza bei wala kampuni iliyoitengeneza. Nauliza kifaa hiki kikivuliwa kesho kitaacha nini. Fundi hodari haachi kitu. Fundi wa kawaida anaacha tundu lililozibwa vizuri. Fundi mbovu anaacha kutu, na kwa Mpuguso kutu haichelewi.

Tuanze na mvua, kwa sababu ndiyo inayotofautisha ushauri wa huku na ule wa Dodoma. Mpuguso ni kata ya wilaya ya Rungwe, jirani na Tukuyu, inayojulikana zaidi kwa chuo chake cha ualimu. Dodoma hupata chini ya milimita 600 za mvua kwa mwaka. Wilaya ya Rungwe hupata kati ya 900 sehemu za chini na 2,700 milimani. Tundu la skrubu lililoachwa wazi juu ya paa Dodoma linaweza kukaa misimu miwili bila mtu kugundua. Huku, likipita mwezi wa nne, kapeti ya gari itanuka. Ongeza udongo wa volkano, mweusi na mwororo, ambao ukilowa unaingia kila upenyo na kukaa humo na unyevu wake. Lami ya Uyole hadi Kasumulu haina tatizo. Shida huanza unapoiacha na kuingia kwenye njia za chai, za parachichi na za migomba.

Wanaokodi magari kwa mwaka au miaka miwili katika maeneo haya ni wasimamizi wa miradi, wakandarasi, wanunuzi wa parachichi, na watafiti wanaopanda Mlima Rungwe. Gari hutoka Mbeya mjini au Dar es Salaam: Land Cruiser, Prado, Hilux. Likifika tu, mtu anataka keria.

Na keria ndiyo mahali pa kuanza kujifunza kutazama. Land Cruiser za ukoo wa 70, zilizoanza kuundwa mwaka 1984, zile za bodi ndefu zenye paa la bati, zina mfereji wa mvua unaozunguka ukingo wa paa. Mfereji huo ni baraka kwa anayekodi, maana keria inabanwa pale bila kutoboa chochote. Prado haina mfereji, ina reli au sehemu maalumu zilizoachwa na kiwanda. Fundi anayekuambia paa la Prado litobolewe ili "ikae imara zaidi", mshukuru uondoke.

Sogea karibu na mguu mmoja wa keria. Kibanio kinachoshika mfereji kiwe kipana, upana wa vidole vinne au zaidi, kwa sababu kibanio chembamba kinakunja mdomo wa mfereji na kuupasua rangi. Kati ya chuma na rangi pawe na mpira, lakini mpira huo usizibe mfereji. Hili wengi hawaliangalii. Maji yakikosa njia yanatuama na matope yake, na baada ya miezi michache mfereji unaanza kuliwa na kutu kutokea chini ya mpira, mahali ambapo jicho halifiki. Mimina kikombe cha maji juu ya paa kwa nyuma ya kila mguu, uone kama yanapita. Kisha tazama nati: ziwe zile zenye plastiki ndani, zisizolegea kwa mtikisiko, na bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu. Bolti za kawaida zilizopakwa rangi nyeusi zinapendeza wiki ya kwanza tu.

Sasa weld. Mstari mzuri una mawimbi madogo yanayofuatana kama magamba ya samaki, upana uleule mwanzo hadi mwisho, na umekula pande zote mbili za chuma. Mstari uliovimba juu na kukatika ubavuni haujashika, umekaa tu. Ukiona sehemu ya kiungo ni laini mno, ikwaruze kwa ukucha au ufunguo, kwani huenda chini ya rangi kuna puti. Geuza macho kwenye mabomba yenyewe. Bomba la keria lililofungwa ncha zote linatunza maji yaliyoingia kwenye nafasi ndogo ya weld, na linaoza kutokea ndani. Mtengenezaji anayejua nchi yenye mvua huacha tundu dogo chini ya kila bomba ili maji yatoke. Ukiliona tundu hilo, ujue unashughulika na mtu aliyewahi kuvua keria ya mwenzake na kujionea.

Jaribio la mwisho la keria ni la mikono. Ishike kwa ubavu, isukume kwa nguvu kwenda na kurudi. Gari zima linapaswa kuyumba juu ya springi zake kabla keria yenyewe haijasogea. Keria ikisogea kwanza, shuka uanze upya. Halafu hesabu uzito, jambo ambalo wenye ndizi hawapendi kulisikia: kiwango cha mzigo wa paa kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari kinajumuisha keria yenyewe. Kama kitabu kinasema kilo 100 na keria ina kilo 35, umebaki na 65, na mikungu mitatu minono haiko mbali na hapo.

Umeme ndio unaonichosha zaidi, kwa kuwa ubaya wake unafichwa na tepu nyeusi. Fungua boneti. Waya mpya wa taa za mbele unaotoka kwenye betri uwe na fyuzi yake, na fyuzi hiyo iwe karibu na betri, si zaidi ya kiganja na nusu. Fyuzi iliyofungwa kule kwenye dashibodi inalinda swichi tu, huku mita mbili za waya zikibaki bila ulinzi kandokando ya injini ya moto. Fanya hesabu kidogo: taa mbili za wati 55 kwenye betri ya volti 12 zinavuta ampia tisa na kitu. Hapo fyuzi ya 15 inatosha, na waya wenye unene wa milimita mraba 2.5 unafaa. Ukikuta fyuzi ya 30 kwenye waya mwembamba, aliyeifunga amechoka kubadilisha fyuzi zinazoungua na ameamua waya ndio uungue.

Swichi ya ndani isibebe umeme wa taa moja kwa moja. Iwepo rilei. Na ishara ya kuamsha rilei hiyo ichukuliweje? Hapa ndipo gari la kukodi linapotaka ufundi wa pekee. Fundi wa mtaani huchuna waya wa kiwanda, huupindia waya wake, kisha tepu. Kazi inafanyika, taa zinawaka, lakini ukivua baadaye waya wa mwenye gari umebaki na jeraha linaloingiza unyevu na kugeuka kijani. Fundi anayejiheshimu hutumia soketi ya kati, inayochomekwa nyuma ya taa ya gari na kuchomolewa bila kisu. Anapotaka kuingia ndani ya gari, hapitishi waya kwenye tundu jipya. Anatafuta mpira wa kiwanda ambao tayari unapitisha nyaya, anautoboa kidogo, anaukaza. Na kabla ya yote anauliza kifaa cha kufuatilia gari kimefungwa wapi, kwa sababu kampuni nyingi za kukodisha hukificha, na kukikata kwa bahati mbaya ni simu ya hasira kutoka kwa mwenye gari kabla hujafika Tukuyu.

Washa taa kwa nusu saa gari likiwa limesimama na injini ikinguruma, kisha gusa waya mote ulimopita. Uvuguvugu si kitu. Ukiondoa mkono haraka, waya ni mwembamba au kiungo kimelegea.

Kuhusu ngao ya mbele nina msimamo ambao haupendwi. Mafundi wa Mwanjelwa na Sido kule Mbeya wanajua kupinda bomba, na ngao zao zinapendeza machoni. Lakini inama uone imeshikwa wapi. Ngao iliyofungwa kwenye bampa au kwenye bati la mbele ni pambo. Ya kweli inashika chesisi, kwa bolti nene, kwenye matundu ambayo kiwanda kiliyaacha. Kama gari lina mifuko ya hewa, swali linakuwa zito zaidi, maana chuma kilichofungwa kwenye chesisi kinabadilisha namna mshtuko unavyofika kwenye vihisio. Kampuni kama ARB ya Australia, iliyoanza mwaka 1975, huunda ngao zake kwa kuzingatia jambo hilo. Fundi wa bomba hana njia ya kulipima, na si kosa lake. Kwenye gari la kukodi lenye mifuko ya hewa, ningeiacha ngao ya mtaani kabisa. Tena ngao ya chuma ikibeba na winchi, umeongeza zaidi ya kilo 100 mbele ya ekseli. Pua inashuka, taa zinaangalia chini, breki zinafanya kazi zaidi kwenye mteremko wa kwenda Kyela.

Winchi yenyewe inastahili maneno machache tu. Ikivuta kwa nguvu zote inaweza kuhitaji zaidi ya ampia 400, kwa hiyo tazama unene wa nyaya na usafi wa terminali kabla ya kutazama jina lililoandikwa juu yake. Kwa njia za huku, kamba nzuri ya kuvutia, sepetu na minyororo ya tairi vitakutoa kwenye tope mara nyingi kuliko winchi, na havihitaji ruhusa ya mtu.

Mkonga, lile bomba la kuipa injini hewa kutoka juu, usiufunge. Kuuweka kunataka kukatwa kwa bati la ubavu, na hakuna fundi wa rangi atakayekurudishia bati hilo likawa lilivyokuwa. Ukiutaka, omba gari lililokuja nao. Nalo lipime, kwani mikonga mingi ya kiwanda imewekwa kuvuta hewa ya juu isiyo na vumbi, na viungo vyake havizuii maji. Injini ikiwa taratibu, ziba mdomo wa mkonga kwa kifuniko kigumu chenye mpira: injini inapaswa kuzidiwa na kuelekea kuzima. Ikiendelea kunguruma kama kawaida, inapata hewa kwingine, na pale hewa inapoingilia ndipo maji yatakapoingilia. Hata ukikaza kila kiungo, vimrija vya kupumulia vya difu na giaboksi vikibaki chini, maji yataingia kwenye oili. Kwa mtu wa Mpuguso anayevuka Mto Kiwira darajani, mkonga ni heshima ya barabarani zaidi kuliko kinga.

Springi ngumu zaidi, matairi makubwa zaidi: vyote vinaondoka bila kovu, mradi vya asili umevitunza mahali pakavu na si nyuma ya gereji. Saizi ya tairi ikibadilika, spidomita inadanganya. Kava za siti ziache ubavu wazi kama siti zina mifuko ya hewa.

Fundi nampima kabla hajashika spana. Anayenipendeza huanza kwa kuuliza, "Mzee, gari ni la kwako au la watu?" Jibu langu linabadilisha kazi yake yote. Anayenitia wasiwasi ni yule wa "itakaa tu, bosi". Namwuliza tundu akilitoboa atalifanyia nini. Anayejua atataja kusafisha kingo, praima, rangi, kukauka, kisha silikoni, kwa mpangilio huo. Wa gereji bubu akijibu vizuri nampa kazi kuliko gereji yenye kibao kikubwa ambayo inakuja na silikoni peke yake.

Karatasi nazo ni sehemu ya ubora, ingawa hakuna fundi atakayekuandalia. Iwe ni ukodishaji wa kawaida au karadha (ukodishaji wa kifedha), ambayo Tanzania ina sheria yake ya mwaka 2008, idhini ya mwenye gari iwe ya maandishi, ikitaja kila kifaa, mahali kitakapofungwa na nani atakivua. Piga picha za paa, boneti na chesisi kabla ya kazi. Vifaa vipya vitajwe kwenye bima kubwa, la sivyo gari likigongwa utalipwa bampa na kuachiwa ngao yako. Bolti na vifuniko vilivyotolewa viwekwe kwenye mfuko ulioandikwa namba ya gari. Mikataba mingi inasema kilichobaki kwenye gari siku ya kurudisha ni cha mwenye gari, na wenye magari wanazipenda keria nzuri. Kama unataka kumwachia ya kwako, elewaneni bei siku ya kusaini, wakati bado anataka wewe ulichukue gari.