Mkono wa Fundi Bomba

Mwaka 1941 kijana mmoja wa Gastonia, North Carolina, alikwenda chuo cha Hampton huko Virginia kusomea ufundi bomba. Kazi ya boila alikuwa ameizoea, na maombi yake ya nafasi aliyaambatisha na michoro ya chumba cha boila. Kisha akaingia darasa la sanaa la Viktor Lowenfeld, Myahudi aliyewakimbia Wanazi kutoka Vienna, na ufundi bomba ukampoteza fundi. Kijana huyo ni John Biggers. Mwaka 1949 alihamia Houston kuanzisha idara ya sanaa ya chuo ambacho leo kinaitwa Texas Southern University, akafundisha hapo zaidi ya miaka 30, na mwaka 2001 akafariki katika jiji hilohilo.

Namtanguliza Biggers kwa sababu ya zile boila. Sisi watu wazima wa Afrika Mashariki tunaoishi Texas, awe mtu ametoka Arusha, Mombasa au Bukavu, tukisikia habari ya kujifunza kuchora hujitetea kwa maneno mawili: sina kipaji. Mara ya mwisho wengi wetu kuchora kitu, alikuwa panzi wa somo la baiolojia, naye hatukumtazama. Tulimnakili kutoka ubaoni, tukavuta mishale, tukaandika kichwa, kifua, tumbo. Alama zilitolewa kwa usafi wa mistari. Hukumu kwamba hatujui kuchora ilipitishwa pale, na hakuna aliyekata rufaa.

Mimi nasema mtu mzima haanzi na mikono mitupu. Msusi anayeshinda nyuma ya kichwa cha mteja katika saluni ya Dallas anajua jambo linalowahangaisha wanafunzi wa uchoraji kwa miezi: mstari unaopita juu ya kitu cha mviringo hauendi moja kwa moja, hupinda pamoja nacho. Anapogawa nywele kwa ncha ya kitana, anachora. Mlezi wa wazee anajua jinsi ngozi ya mkono wa bibi inavyolala juu ya mshipa. Dereva wa lori katika barabara ya I-45, kama kilomita 385 kati ya Dallas na Houston, nyingi zikiwa tambarare, ameziona nguzo za umeme zikipungua kimo kuelekea upeo wa macho mpaka zikawa njiti. Perspektivu anaijua, hajaambiwa tu kwamba anaijua. Kilichobaki ni kuuzoesha mkono kusema hayo kwa penseli, na hiyo ni kazi ya mazoezi kama kusuka.

Vifaa havimfilisi mtu: penseli ya 2B, kichongeo, karatasi za fotokopi. Raba iache kwanza. Mwanafunzi mwenye raba hufuta zaidi kuliko anavyochora. Kimon Nicolaides, mwalimu wa New York ambaye kitabu chake kilichapishwa 1941 baada ya yeye kufariki, alitaka macho yakazwe kwenye kitu, penseli ifuate ukingo wake taratibu, na karatasi isitazamwe. Kikombe kitatoka mdomo umehama, mkono wake umeota mahali pasipo pake. Haidhuru. Kwa dakika zile jicho lilikuwa kazini, na jicho la mtu mzima limezoea kupewa likizo.

Zoezi ninalolipenda zaidi ni la matundu. Weka kiti cha mbao mbele yako, halafu usikichore. Chora hewa iliyo kati ya miguu yake, ile pembetatu iliyo chini ya mhimili, kile kipande chembamba kilicho nyuma ya egemeo. Kiti tunakijua mno, ndiyo maana tukikichora tunaandika habari zake: kikalio cha mraba, miguu minne ya urefu mmoja. Hewa hatuna mazoea nayo. Hakuna aliyewahi kutuchorea ubaoni umbo lake, basi hatuna budi kuitazama. Ukimaliza matundu yote, kiti kipo, na kimekaa sakafuni kwa uzito ambao hukukiwekea wewe. Wapo wanaouona mchezo huu kuwa wa watoto. Mimi sijakutana na ufundi mwingine unaomlipa mtu haraka hivi kwa kulizunguka jambo.

Wenye haya ya kunakili nawapeleka Fort Worth. Makumbusho ya Kimbell, ambako mkusanyiko wa kudumu hutazamwa bure, yana ubao mdogo usiofika nusu mita kimo, ulionunuliwa mwaka 2009, ambao unatajwa kuwa picha ya rangi ya kwanza inayojulikana ya Michelangelo. Alikuwa na miaka 12 au 13. Mtakatifu Anthony yuko hewani, mashetani wanamvuta kila mmoja upande wake. Wazo si la kijana: alinakili mchoro wa chapa wa Mjerumani Martin Schongauer. Lakini walioandika maisha yake wanasimulia kwamba alikwenda sokoni kuchunguza samaki ili mashetani wake wapate ngozi ya kuaminika. Aliyewahi kufika Feri, Dar es Salaam, asubuhi na mapema, changu na vibua wakiwa bado wanameta, atayatambua magamba yale. Nakala ilimpa mifupa ya picha. Nyama alikwenda kuitafuta mwenyewe.

Lowenfeld alipita njia nyingine. Vienna aliwahi kuwafundisha vipofu ufinyanzi wa sanamu, na aliamini kazi ya mtu itoke katika maisha aliyoyaonja. Kwetu, Margaret Trowell alikuwa na imani ya jamaa hiyo huko Makerere tangu 1937: alisimulia tukio kwa maneno, na kila mwanafunzi akachora alivyoliona moyoni. Sam Ntiro wa Kilimanjaro alipita mikononi mwake. Namheshimu Trowell, ila kwa anayeanza leo ningetanguliza kiti na samaki; moyo nao hauna cha kutoa kama jicho halikuuletea kitu.

Biggers aliyashika yote mawili. Akinamama wa michoro yake wana mikono mipana na miguu iliyochoka, nawe unaona wazi kwamba mchoraji anajua ndoo ya maji ina uzito gani. Mwaka 1950 mchoro wake “The Cradle”, wa mama aliyewakumbatia watoto, ulishinda tuzo katika Museum of Fine Arts ya Houston. Siku hizo watu weusi waliruhusiwa kuingia humo Alhamisi peke yake, na hafla haikuwa Alhamisi, hivyo mshindi hakuhudhuria. Darasani aliwataka wanafunzi wa mwaka wa mwisho kila mmoja achore picha kwenye kuta za jengo la Hannah Hall, mahali ambapo wenzao wote walipita.

Makumbusho yale yaliyompangia siku yamekuwa kwa miaka mingi yakifungua milango bure siku ya Alhamisi. Nenda siku hiyo, ubebe penseli, kalamu ya wino uiache ndani ya gari. Picha kubwa zikikutisha, anza na viatu vya mlinzi: huwa hasogei sana.