Ufito wa Vipimo

Seremala anayeiga kabati la kale huanza kwa kulivua droo zote na kulitazama kwa nyuma. Mbele kila mtu anapaona. Nyuma ndiko fundi wa kwanza alikoacha nyayo zake: mikwaruzo ya randa ambayo hakujisumbua kuilainisha, na mistari ya kisu aliyoichora kabla ya kukata meno.

Kabati ninalolisema liko Nachingwea. Droo nne za mninga, ndogo juu, kubwa chini, vishikio vya mpingo. Wenye nyumba husema marehemu baba yao alilinunua kwa Mzungu wa karanga aliyekuwa anafungasha mizigo. Sina haja ya kubishana nao. Mpango ule wa Waingereza wa kulima karanga ulianza mwaka 1947, ukafa 1951 baada ya kumeza pauni milioni 36 hivi, na hata reli iliyojengwa kutoka pwani kwa ajili yake iling'olewa. Kabati lipo.

Watoto wawili walilitaka, kaka wa Nachingwea na dada aliyeolewa Ruangwa. Badala ya kugombana wakaagiza pacha wake kwa fundi mmoja mzee wa Ruangwa.

Fundi hakuja na futikamba. Alikuja na ufito mmoja ulionyooka, uliopigwa randa pande zote nne. Aliusimamisha ubavuni mwa kabati akatia alama kwa ncha ya kisu: hapa ukingo wa juu, hapa droo ya kwanza inakoma, hapa mguu unaanza. Akaugeuza, upande wa pili akatia upana, wa tatu akatia kina. Hakuandika namba hata moja. Namba husomwa vibaya, husahaulika, hukosewa kujumlishwa. Alama ya kisu unailaza juu ya ubao, unakata. Basi kabati zima likapanda bodaboda kwenda Ruangwa, likiwa kwapani mwa fundi.

Nimewaona vijana wakipokea kazi kwa picha ya simu. Mteja ananyoosha kioo, "nataka kama hii," na fundi anaitikia. Picha inaonyesha rangi na vishikio. Haionyeshi kwamba pembe za droo zimeshikana kwa mkia wa njiwa, meno membamba shinani na mapana nchani, ili kadiri droo inavyovutwa ndivyo yanavyozidi kubanana. Wala haionyeshi kwamba sakafu ya droo imetelezeshwa ndani ya mfuo bila gundi. Ubao hupanuka kwa upana mvua za Desemba zinapoanza, husinyaa kiangazi kikikaza. Ukiugandisha kotekote, utajipasua wenyewe.

Meno ya kabati la kale hayalingani, maana yalikatwa kwa mkono. Mzee hakuiga tofauti zile. Alisema mkono wake una tofauti zake, na akakata. Nilipenda hilo kuliko ustadi wowote: aliiga utaratibu, akaacha kughushi umri.

Dada mtu alipouliza kazi itakwisha lini, alijibiwa: "Mama, mninga wenyewe bado haujakauka. Nipe mwaka." Akampa. Mbao zikapangwa kivulini, vijiti katikati ili upepo upite.

Wateja wa aina hiyo wamebaki wachache. Anayeoa Jumamosi anataka dresing tebo Ijumaa, na asipoipata kwa fundi ataichukua dukani, ya vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi, ambalo likinywa maji huvimba na halirudi tena. Mbao nazo zinauzwa zikiwa bado zina maji ya msituni. Mzee hukubali kazi hizo pia, kwa kuwa anakula. Hupiga misumari, hupaka vanishi, hupokea hela yake, huku akijua kabisa kwamba kiangazi kijacho sakafu ya droo itapasuka, na kwamba mwenye droo ataulaumu mninga.